Mzigo wa Mwenzio

Wazee wetu walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake yajulikana na kila mtu. Mzigo ulio kichwani pa mwingine waonekana mwepesi machoni petu, kwa sababu shingo inayouma si yetu. Kwa kawaida methali hii hutumiwa tunaposema juu ya shida na huzuni za watu. Leo twapenda kuichukua kama ilivyo na kusema juu ya mizigo yenyewe: magunia, maboksi, vifurushi na bahasha ambazo watu wa nchi hii hutumiana kila siku, na ambazo mara nyingi mno huchelewa, hupungua, huvunjika, au hazifiki kabisa.

Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili ni dogo, lafaa kuachiwa makarani wa stendi. Hatukubali. Ndani ya kifurushi kilichofungwa kwa kamba mna swali kubwa la haki. Mtu anayepokea mali ya mwenzake ili aifikishe mahali anadaiwa nini? Na mali hiyo ikipita katika mikono mingi, kisha ikapotea, deni ni la nani?

Tuichukue Kyela iwe mfano wetu, kwa kuwa mambo haya huonekana wazi zaidi mahali palipo mwisho wa barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Kyela ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Basi hupita Morogoro na Iringa, hufika Mbeya, hupanda nchi ya Rungwe hadi Tukuyu penye baridi na migomba, kisha huteremka hata bonde la joto lililo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nchi ya mpunga, kakao na michikichi. Aliye Matema, chini ya Milima ya Livingstone, bado ana zaidi ya kilomita 35 kutoka mjini Kyela. Na mtu wa Lumbila au Lupingu, upande ule ambako milima yashuka moja kwa moja hata majini, hutegemea zaidi chombo cha ziwani. Meli ya MV Mbeya II, iliyoundwa Kyela na kuzinduliwa mwaka 2021, ilipokelewa kwa furaha na watu wa mwambao kwa sababu hiyo hiyo. Kwao meli ni duka, ni posta, na ni habari za jamaa walio mbali.

Mizigo ya nchi hii hupita njia nyingi. Iko Posta, ambayo kwa wengi wetu ni namba ya sanduku na wala si mtu abishaye mlangoni. Tangu zamani asiye na sanduku lake hutumia la shule, la parokia au la mwajiri, na barua yake humngojea huko mpaka aifuate. Yako mabasi, ambayo watu wengi huyapenda kwa sababu ni ya haraka: unapeleka mzigo stendi leo, unaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa kalamu nene, unapewa risiti, na kesho yake mwenyewe huambiwa aende kuuchukua. Yako malori, zipo bodaboda, ipo mitumbwi. Na yuko msafiri tunayefahamiana naye, ambaye huombwa kwa upole apokee bahasha moja tu, kisha hukuta amebebeshwa bahasha saba. Kila njia ina sifa yake na lawama yake. Posta husemwa kuwa ya polepole, basi husemwa kuwa halina wa kumuuliza, na msafiri rafiki husemwa kuwa hana risiti. Lakini ugonjwa wa njia zote ni mmoja, nao ndio tutakaousema.

Yatupasa kuanza na habari iliyotupata sisi wenyewe. Tulimtumia shangazi yetu, mkaaji wa karibu na Matema, miwani ya kusomea. Ulikuwa mwezi wa Aprili, wakati wa mvua kubwa, ambapo mito ya Kyela hufurika na watu huvumilia mengi. Tulikifunga kifurushi vizuri, tukalipa, tukapewa risiti, na tukamwarifu kwamba mzigo ungefika siku ya pili. Siku ya pili hakupigiwa simu. Siku ya nne alipanda gari hadi mjini. Kijana wa ofisini akamwambia, bila ya kuinuka kitini: "Mama, mzigo bado. Njoo kesho." Akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata akaenda tena kwa nauli nyingine, akaambiwa maneno yale yale. Sisi tulipopiga simu upande wa pili tuliambiwa kwamba mzigo uliondoka, na kwamba kondakta ndiye wa kuulizwa. Kondakta akasema aliushusha. Aliyepokea zamu hiyo akasema hakuwa yeye, alikuwa mwenzake.

Baada ya siku 19 shangazi alikwenda mara ya tatu, akakuta binti mwingine zamu. Binti huyu aliinuka. Akainama chini ya meza, akatoa maboksi mawili matatu, na nyuma yake kile kifurushi kikaonekana. Kilikuwapo hapo tangu siku ya pili. Hakuna aliyekiiba, wala mafuriko hayakukigusa. Hakuna aliyekitazama, basi. Shangazi alipotusimulia alisema neno ambalo hatujalisahau: "Miwani hawakuniibia, wanangu. Wameniibia siku."

Lakini kabla hatujamhukumu mtu yeyote, hatuna budi kuungama upande wetu. Binti yule alipokitazama kifurushi aliona kwamba tarakimu moja ya namba ya simu tuliiandika vibaya, moja ikafanana na saba. Ndiyo maana shangazi hakupigiwa simu. Kosa hilo lilikuwa letu. Lakini jina lake lilikuwa limeandikwa wazi, naye alisimama mbele ya meza ile mara mbili akilitaja. Hapo kosa halikuwa letu tena.

Sasa tujiulize: katika habari hiyo, mdaiwa ni nani? Karani wa kwanza aweza kusema, mimi niliukabidhi. Kondakta aweza kusema, mimi niliushusha. Wa zamu aweza kusema, mimi sikuwapo. Na sisi twaweza kusema, sisi tulilipa. Kila mmoja anasema kweli, na kwa kweli hizo zote mwanamke mzee amekaa siku 19 bila ya kusoma. Basi kuna jambo limekosewa katika namna yetu ya kuhesabu. Twadhani kwamba deni likigawiwa watu watano, kila mmoja ana sehemu moja ya tano. Kwa fedha ni kweli, lakini kwa amana sivyo. Chungu kikipokewa na watu watano mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anashika chungu kizima, na akikiachia kinavunjika chote. Wingi wa mikono haupunguzi wajibu wa mkono wowote.

Mataifa yalilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1874, huko Bern nchini Uswisi, nchi kadhaa zilipatana kuunda chama ambacho baadaye kiliitwa Umoja wa Posta Duniani. Msingi wa mapatano yao ulikuwa kwamba, kwa kupelekeana barua, nchi zote za chama zihesabiwe kuwa eneo moja. Barua ya mgeni ikipita katika nchi yako, uipitishe kama barua ya raia wako. Ikiwa mataifa yaliyopigana vita yaliweza kukubaliana hivyo, je, karani wa stendi moja na karani wa stendi nyingine washindwe?

Kwa ajili ya haki yatupasa kupambanua mambo matatu ambayo watu huyachanganya: ajali, uzembe na uongo. Mto ukivunja daraja, mwera ukichafua ziwa hata chombo kisiweze kutoka, au gari likiharibika milimani, hiyo ni ajali, na mwenye mali hana budi kuvumilia pamoja na mwenye gari. Kifurushi kikiachwa mvuani kwa sababu turubai halikufungwa, huo ni uzembe, na aliyezembea anadaiwa. Lakini mtu akisema "bado" naye hajatazama, au "kesho" naye hajui, huo ni uongo. Nasi twathubutu kusema kwamba neno hili "kesho" limewafanyia maskini hasara kubwa kuliko wezi wa mizigo. Mwizi huchukua mara moja, lakini "kesho" ya uongo humchukulia mtu nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, kazi ya siku nzima shambani, na mwisho humchukulia imani yake kwa watu.

Hapa twafikia maandishi ambayo msomaji ameyaona ukutani au nyuma ya risiti: kwamba mzigo wasafiri kwa dhamana ya mwenyewe, na kwamba kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu. Je, maandishi hayo yanaondoa deni? Mtu aweza kupokea fedha za mwenzake ili afikishe mali, na papo hapo akatangaza kwamba kuifikisha si juu yake?

Watu wa kale hawakuona hivyo. Katika Roma, amri ya mahakimu iliwataka manahodha, wenye nyumba za wageni na wenye mazizi wawajibike kurudisha salama mali waliyoipokea, hata kama si wao walioiiba. Yalisamehewa maafa yasiyozuilika, kama kuzama kwa chombo na kuvamiwa na maharamia. Sheria hiyo ilihifadhiwa katika mkusanyo wa Kaisari Yustiniani, uliotolewa mwaka 533. Na sababu yake ni ya hekima: msafiri hana budi kuwaamini watu hao, wala hana njia nyingine, basi anayeaminiwa kwa lazima abebe wajibu ulio mzito zaidi. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu wenyewe, Sura ya 345, yafundisha kwamba aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama vile mtu wa busara ya kawaida anavyoitunza mali yake mwenyewe. Angalieni jinsi sheria hiyo inavyoshindana na methali tuliyoanza nayo. Methali yaeleza tulivyo: mzigo wa mwenzio ni usufi. Sheria yaeleza yatupasavyo kuwa: mzigo wa mwenzio ni kama wako.

Twakubali kwamba mwenye gari aweza kwa haki kukataa kudhamini asichokijua. Akipewa boksi lililofungwa, na mwenyewe hakusema kwamba mna simu ya thamani, hawezi kudaiwa simu. Lakini hakuna maandishi ya ukutani yanayoweza kumpa mtu ruhusa ya kuzembea, wala ya kusema uongo. Risiti ni karatasi tu, nayo haikutungwa iwe kitubio.

Wasomaji wetu waijua habari ya mzee Tobiti. Alikuwa ameweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, huko Rage katika nchi ya Media. Ikapita miaka 20, Tobiti akawa kipofu na maskini. Aliyepelekwa na Tobia kuifuata fedha hiyo alikuwa Rafaeli, naye aliichukua hati akaenda. Gabaeli hakusema "bado", wala hakusema kwamba mambo yamebadilika tangu miaka ile. Aliitoa mifuko, akaihesabu, na mihuri yake ilikuwa mizima. Watu wengi hukumbuka katika kitabu hicho malaika na samaki. Sisi twaomba wamkumbuke pia Gabaeli, mtu ambaye hatuambiwi mengi juu yake ila kwamba mali ya mwenzake ilikaa kwake muda wote huo, na muhuri haukuvunjwa.

Lakini tusiende mbali hadi Media, kwa kuwa Ziwa Nyasa lina ushuhuda wake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1875 meli ya kwanza ya moshi, iliyoitwa Ilala, ilielea katika ziwa hilo. Haikuweza kupita majini njia yote, kwani Mto Shire una maporomoko. Basi ilifunguliwa vipande vipande, na mamia ya wapagazi wakavibeba vichwani na mabegani kuyazunguka maporomoko hayo, kwa ujira wa vitambaa, mpaka mahali ilipounganishwa tena. Fikirini jambo hili. Wapagazi hao hawakuwa na risiti wala namba ya simu. Kila mmoja alibeba kipande ambacho peke yake hakikuwa na faida kwa mtu yeyote: bamba la chuma, au fungu la misumari. Angeweza kukitupa porini akasema, hiki ni kidogo, meli ni kubwa. Na kama wengi wangefikiri hivyo, meli isingeelea. Historia iliyaandika majina ya wakubwa wa safari, lakini ya wapagazi ni machache mno yaliyoandikwa. Hata hivyo meli ile ilikuwa shahada yao.

Hata leo, huko Ikombe ng'ambo ya Matema, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo huvukishwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema, na kutoka hapo huenda mbali. Hakuna mzigo ulio mwepesi kuvunjika kuliko chungu, wala chombo kinachotikisika kuliko mtumbwi, na bado vyungu hufika. Hufika kwa sababu anayepiga kasia ajua kilichomo, na ajua mikono iliyokifinyanga. Tatizo la stendi zetu kubwa ni hilo: kifurushi hakina uso. Karani aona boksi, haoni mama aliyelifunga wala mtoto anayelingojea. Na kisichokuwa na uso ni rahisi kukirusha.

Sasa ni haki tuwasikilize wachukuzi nao, kwa maana wamesemwa sana. Wanasema hivi: mshahara ni mdogo na mizigo ni mingi, watu huandika jina moja tu, "Mama Neema, Kyela", na kina Mama Neema huko ni wengi, watu huficha petroli ndani ya nguo, hufunga chupa pamoja na unga, kisha hudai fidia, wengine hudai simu mbili hali walituma moja. Yote hayo ni kweli, na ni dhambi za watumaji. Anayedanganya juu ya kilichomo ndani ya mzigo anahatarisha roho za abiria wote. Anayedai alichokuwa hakutuma ni mwizi, ingawa ana risiti mkononi. Nasi tulioandika moja ikafanana na saba tujifunze kuandika.

Tena yako mambo ya aibu yanayofanywa na watu wasio wachukuzi. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima kwa harufu yake nzuri, na jamaa wa huko huwatumia ndugu zao wa mijini kwa upendo. Lakini ni mara ngapi gunia lililojazwa hata mdomoni limefika limelegea, na ubavuni lina alama ya bambo? Anayechoma gunia la mtu kwa bambo hujifariji: ni kibaba tu, mwenyewe hatajua. Na wa kituo kinachofuata husema vivyo hivyo. Hapa hesabu yetu yathibitika kwa upande wa pili: kila mmoja ameiba kibaba, na gunia limepungua debe.

Serikali imefanya sehemu yake, nayo yastahili kusifiwa. Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa mwaka 2003, ndiyo inayotoa leseni kwa wasafirishaji wa vifurushi, na mwananchi aliyedhulumiwa anayo haki ya kupeleka malalamiko yake. Mwaka 2022 ilifanyika kazi kubwa ya kuweka anwani za makazi, mitaa ikapewa majina na nyumba zikapewa namba, hata nyumba ambazo hazikuwahi kujulikana ila kwa mwembe ulio mbele yake. Twatumaini kwamba siku moja kifurushi kitabisha hodi Matema kama kinavyobisha hodi Dar es Salaam. Lakini namba ya nyumba haitamfanya mtu ainuke kitini, wala leseni haitamzuia kusema "kesho". Kwa hayo sheria ni fimbo fupi, na dhamiri peke yake ndiyo inayofika.

Kwa hiyo twawaomba wenye makampuni wamweke katika kila ofisi mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujibu, wala wasiufiche uzembe nyuma ya maandishi ya ukutani. Twawaomba makarani na makondakta wafanye jambo moja dogo, kutazama kabla ya kusema. Twawaomba watumaji waseme kweli juu ya kilichomo, na waandike jina kamili. Na wapokeaji wakumbuke kwamba kijana aliye mezani huenda hana kosa lolote, na kwamba matusi hayajapata kamwe kuharakisha basi.

Lakini ombi letu la mwisho ni kwa wazazi. Mchukuzi mwaminifu hafundishwi stendi. Hufundishwa nyumbani, siku ile anapotumwa kwa mara ya kwanza kupeleka sahani ya wali kwa jirani mgonjwa. Njia ni fupi, wali una harufu nzuri, na hakuna anayemwona. Mtoto akifika na sahani nzima, asifiwe. Akifika nayo imepungua, asichekwe kwamba ni utoto, bali arudishwe akaombe msamaha. Maana siku moja atakuwa mtu mzima nyuma ya meza, na mbele yake atasimama mwanamke mzee aliyepanda gari tangu alfajiri kuulizia miwani yake. Siku hiyo itajulikana kama atainuka, au kama atasema: "Mama, bado. Njoo kesho."